Mdogo wangu alipona saratani ya damu utotoni, sasa anataka uuguzi wa watoto wenye saratani. Tuanzie wapi?

Mtoa mada
Wakuu, naombeni ushauri. Mdogo wangu wa kike ana miaka 19. Alipokuwa na miaka 7 aligundulika na saratani ya damu, ile ya limfoblasti. Alitibiwa kwa dawa tu, bila mionzi, akamaliza akiwa na miaka 10. Sasa anataka kusomea uuguzi, na hataki wodi nyingine ila ya watoto wenye saratani. Nyumbani wamegawanyika: wengine wanasema mwili wake hautahimili, wengine wanasema ajaze fomu za chuo bila kutaja ugonjwa. Mnaoijua kazi hii, tushaurini.

Nesi_wa_Zamu
Chuo kisubiri kidogo, fuateni faili kwanza. Neno "nilipona" halimwambii daktari alipokea nini mwilini. Hospitali iliyomtibu iombwe muhtasari wa matibabu wenye tarehe za kuanza na kumaliza, jina la kila dawa, jumla ya dozi kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, kama aliongezewa damu, na madhara yaliyojitokeza. Mafaili huharibiwa muda wa kuyatunza ukiisha, kwa hiyo msichelewe. Likikosekana, ulizeni alitibiwa kwa itifaki gani, yaani mpango rasmi wa dawa na dozi. Daktari wa saratani anaweza kukadiria dozi kutokana na hiyo na mwaka wa matibabu.

Mtakachokitafuta hasa ni dawa ya saratani iitwayo doksorubisini na nyingine za kundi lake, kwa sababu huweza kudhoofisha misuli ya moyo miaka mingi baadaye bila dalili yoyote. Jumla ikifika miligramu 250 kwa mita ya mraba au zaidi, hiyo ni hatari kubwa na kipimo cha eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) hushauriwa kila baada ya miaka 2. Ikiwa kati ya 100 na 250, kila baada ya miaka 5. Watoto wengi wa saratani kama yake hawafiki 250. Eko ikiwa nzuri, zamu za usiku na kugeuza wagonjwa havimkatazi kazi. Hayo ya "mwili hautahimili" yajibiwe na vipimo, sio na kikao cha ukoo.

Mfamasia_K
Naongezea dawa mbili. Vinkristini huacha ganzi vidoleni. Kwa wengi hupungua, kwa wachache hubaki. Ajaribu kupapasa mapigo ya kifundo cha mkono akiwa amevaa glavu. Asipoyasikia vizuri, amwambie daktari mapema, maana kutafuta mshipa wa mtoto ni kazi ya ncha za vidole. Ya pili ni deksamethasoni na steroidi nyingine, ambazo huweza kuua sehemu ya mfupa wa nyonga. Maumivu ya kinenani anapotembea au kupanda ngazi yasichukuliwe kuwa uchovu.

Akifika wodi ya kemo (dawa za kuua saratani), sheria kwake ni ile ile ya wenzake: glavu jozi mbili, gauni lisilopitisha majimaji, na mkojo au matapishi ya mgonjwa yashikwe kama taka za dawa kwa saa 48 angalau baada ya dozi. Wanaopata shida ni wale wanaovaa glavu wakitundika dripu halafu wanabadilisha nepi mikono mitupu.

Mkufunzi_Kliniki
Mimi wodi hiyo singempeleka mwanzoni, na sababu si moyo wala mifupa. Mwaka mmoja au miwili wodi ya kawaida ya watoto itampa mikono: kukokotoa dozi kwa uzito, kutambua mapema mtoto anayezidiwa. Kwa mtoto wa kemo, homa ya nyuzi 38 na kuendelea ni dharura. Antibayotiki zinatakiwa ndani ya saa moja. Hapo historia yake haimsaidii kitu, ujuzi ndio unaosaidia.

Wazazi wakijua alipona watamuuliza, "Na wangu atapona?" Hawezi kuahidi, maana aina ya saratani na mwitikio wa dawa hutofautiana. Kabla ya kusimulia, ajiulize nani atafaidika. Na mtoto akirudiwa na ugonjwa, ajue mapema ni msimamizi gani atazungumza naye baada ya zamu.

Mtoa mada
Asanteni sana. Na fomu je?

Nesi_wa_Zamu
Asidanganye. Ajibu kilichoulizwa, aambatanishe barua ya daktari inayosema matibabu yaliisha lini, vipimo vya sasa vikoje, na kama kuna kazi inayohitaji marekebisho. Akificha, siku atakapohitaji ruhusa ya kliniki itabidi adanganye tena, na chuo kitamshughulikia kwa uongo, si kwa ugonjwa.

Mtoa mada
Chanjo arudie zote tu?

Mkufunzi_Kliniki
Hapana mkuu, kwanza apimwe kingamwili za homa ya ini B, surua na tetekuwanga, kwani kemo huweza kufuta kinga ya chanjo za utotoni. Kingamwili za homa ya ini B zikiwa chini ya yuniti 10 kwa lita, achanjwe tena. Dozi tatu kamili hutolewa mwezi 0, 1 na 6, kisha hupimwa mwezi 1 hadi 2 baada ya ya mwisho. Hiyo ni zaidi ya nusu mwaka, kwa hiyo aanze kabla ya kupangiwa wodi. Za surua na tetekuwanga ni chanjo hai, yaani zina virusi hai vilivyodhoofishwa, asichomwe mpaka daktari wake aridhie, na asiwe mjamzito.