Tupeane uzoefu: theluji ya mapema milimani inapokukuta barabarani

Mwanzisha mada, Aurora, Colorado

Ndugu zangu mnaoishi na kufanya kazi karibu na milima ya baridi, naomba tukusanye hapa yale tuliyoyaona wenyewe kuhusu theluji ya mwanzo wa msimu, ile inayoanguka Septemba au Oktoba wakati miti bado ina majani. Kuhusu Januari tumekwisha kuandika mengi, na kwa maoni yangu Januari si mwezi unaotuumiza zaidi, kwa sababu wakati huo matairi yamebadilishwa, magreda yanapita usiku kucha, na kila dereva anakwenda kwa tahadhari. Theluji ya mapema humkuta mtu akiwa bado na akili ya kiangazi. Wakazi wa Denver tunaukumbuka mwaka 2020, ambapo tarehe 5 Septemba joto lilifika nyuzi 38 za Selsiasi na tarehe 8 theluji ikaanguka.

Barabara yangu ni I-70, barabara kuu inayopanda milimani kutoka Denver kwenda mji wa Vail. Katika dhoruba moja ya Oktoba nilipita Idaho Springs penye mvua ya kawaida, nikafika Georgetown mvua ikiwa imechanganyika na theluji, na nilipolikaribia handaki la Eisenhower, lililo karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, mistari ya barabara ilikuwa haionekani tena. Ndani ya handaki kulikuwa kukavu, na magari yaliyokuwa mbele yangu yakaongeza mwendo kana kwamba dhoruba imekwisha. Upande wa pili mteremko ulianza papo hapo, na nikawaona wawili wakizunguka barabarani mmoja baada ya mwingine, bila kugongana, kwa rehema za Mungu. Wengine karibuni.

Dereva wa lori, mzaliwa wa Makambako

Ahsante kwa mada, kaka. Nimeendesha malori nyumbani na sasa naendesha huku, na jambo ambalo napenda kulieleza kwa utulivu ni tofauti ya Kitonga, ule mteremko mkali wa Iringa, Tanzania, na mteremko huo wa baada ya handaki, wa kwenda Silverthorne. Kule Kitonga, dereva anayejua kazi huingia gia nzito kabla ya kuanza kuteremka na kuiachia breki ya injini kazi kubwa, ili breki za miguu zisishike moto. Kwenye barafu, nusu ya somo hilo inabaki na nusu nyingine inageuka hatari: gia nzito bado unaihitaji, lakini breki ya injini ikikamata kwa nguvu, matairi ya kusukuma huacha kuzunguka sawasawa na barabara, yanateleza, kisha tela linaanza kukusogelea ubavuni. Mimi huizima kabisa, nikateremka polepole mno, hata wanaonifuata wakasirike.

Kuhusu minyororo ya kufunga kwenye matairi yasiteleze, sheria ya Colorado inawataka wenye malori makubwa kuibeba tangu Septemba 1 hadi Mei 31 katika kipande cha I-70 kati ya Dotsero na Morrison, na anayekataa kuifunga inapoagizwa, kisha akaziba barabara, hutozwa faini inayozidi dola 1,000. Kuifunga ndiyo kazi yenyewe. Theluji ya Oktoba ni ya majimaji, kwa hiyo unapiga magoti kwenye tope baridi, glavu za sufu zinalowa mara moja na vidole havihisi tena kulabu. Ninavaa glavu za mpira juu ya zile za sufu. Baada ya kwenda mwendo mfupi ninasimama mahali pa usalama nikaikaza upya, kwa sababu mnyororo uliolegea hupiga mabomba ya upepo wa breki na kuyakata.

Jambo jingine nililofundishwa na mzee mmoja wa kazi hii: tazama maji yanayorushwa na matairi ya gari lililo mbele. Ikiwa barabara inaonekana imelowa lakini maji yameacha kuruka, hapo umekanyaga barafu.

Mama wa watoto wawili, Thornton

Shikamoo mzee wa Makambako. Yangu ni fupi. Gereji niliyopeleka gari mwezi Agosti ilijaza maji ya kuoshea kioo ya kiangazi, nami sikujua kwamba kuna aina mbili. Mlimani nilinyunyiza mara moja, yakaganda kioo kizima, nikaendelea kwa kuchungulia kwenye upenyo mdogo juu ya dashibodi hadi nilipopata mahali pa kuegesha. Pia matairi yalikuwa yamepungua upepo kwa sababu ya baridi tu, bila pancha yoyote.

Mwanachama, Innsbruck, Austria

Marahaba ziwafikie wote walionitangulia kunisalimu kule kwenye mada nyingine. Huku sheria ya matairi ya baridi inahusu kipindi cha Novemba 1 hadi Aprili 15, barabara ikiwa na theluji au barafu, na watu wengi huisoma tarehe hiyo kama ahadi ya mbingu. Katikati ya Septemba 2024 theluji nzito ilianguka milimani, na baadhi ya barabara za juu zikafungwa. Miti ilikuwa na majani mabichi yanayobeba theluji vizuri mno, kwa hiyo matawi yalikuwa yakivunjika na kuangukia lami. Tangu hapo, kabla ya kupanda mlima, siangalii kashata za matairi (yale meno yake) peke yake; naangalia pia ni miti gani imesimama kandokando ya njia.

Naongeza kwamba madaraja huganda kwanza, kwa kuwa upepo baridi hupita juu na chini yake, ilhali lami iliyo juu ya udongo bado imehifadhi joto la kiangazi.

Dereva wa lori, Cheyenne, Wyoming

Wakubwa, barabara yetu ya I-80 ina historia inayoihusu mada hii moja kwa moja. Kipande cha Laramie hadi Walcott Junction kilipitishwa karibu na Elk Mountain ingawa wafugaji wa huko walionya kuhusu upepo na theluji. Kilifunguliwa Oktoba 1970, na siku chache baadaye dhoruba ikakipiga. Hadi leo upepo huko hauhitaji theluji nyingi: huiokota ile iliyokwisha kuanguka na kuipeperusha kuvuka lami, na tela tupu hupinduka kirahisi kuliko lililopakiwa.

Mamlaka wakishusha lango la kufunga barabara, mimi huegesha Laramie na kulala. Mwenye mzigo hupiga simu mara kwa mara kuuliza nitaondoka lini, nami humtumia picha ya lango.