Naomba ushauri: ukuta wa chumba cha eksirei, risasi au zege?

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi ujenzi, nimepewa kazi ya kugeuza stoo ya zahanati moja iwe chumba cha eksirei. Kuta ni za tofali za saruji zenye matundu, inchi 6. Mwenye jengo anasema plasta nene inatosha. Roho yangu inakataa, maana nyuma ya ukuta huo ndipo wajawazito wanapokaa wakisubiri kliniki.

Ninavyofahamu, madini ya risasi hufyonza eksirei vizuri kwa sababu atomu yake ni nzito, ina protoni 82. Milimita 2 za risasi hukaribia kazi ya sentimita 15 za zege lililoshiba. Sasa tofali lenye matundu ndani lina hewa tu, na hewa haizuii kitu!

Je, nijaze matundu kwa zege, nipige plasta yenye bariamu (madini mengine mazito yanayofyonza eksirei), au nibandike mabamba ya risasi? Mlango wa mbao je? Na kwenye maungio ya mabamba miale isipenye, mnapishanisha kiasi gani?

Wakaguzi wa Tume ya Nguvu za Atomiki watapita, lakini nataka kujua kabla sijaanza. Aliyewahi kujenga chumba kama hiki anisaidie tafadhali.