Uavyaji mimba kwenye habari za siasa: mizani ni moja au mbili?

Kalamu Nyekundu: Tangu kura ya maoni ya Katiba mpya ya Kenya, Agosti 4, 2010, Kibaki na Raila wakiwa kambi ya kijani (ndiyo), Ruto na makanisa mengi kambi ya nyekundu (hapana), kila uavyaji mimba unapozuka kwenye siasa za Kenya lawama ni ileile: waandishi wanapendelea. Nami nasema upendeleo upo, ila wengi wanautafuta pasipo. Wanahesabu dakika. Kasisi anaweza kupewa dakika 5, mtetezi wa haki za uzazi dakika 5, na bado habari ikaegemea. Tazameni vitenzi. Mmoja "alieleza", mwenziwe "alidai". Kibaya kuliko vyote ni "alikiri", maana kinamtia mtu hatiani wakati hakuna aliyemshtaki. Chukueni habari 20 za chombo kimoja, mpigie mstari kila kitenzi cha kusema, mkigawe safu mbili kwa upande wa msemaji. Habari 3 hazitoshi. Huenda mkawa mnapima mazoea ya mwandishi mmoja tu.

Wakili wa Mwambao: Ndugu Kalamu, vitenzi sawa, lakini madhara makubwa yanatoka kwenye sheria kunukuliwa nusu. Ibara ya 26 ya Katiba, kifungu cha 2, inasema uhai huanza mimba inapotungwa. Kifungu cha 4 kinakataza uavyaji, isipokuwa mtaalamu wa afya aone panahitajika matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa iruhusu. Mwanasiasa wa upande huu anashika cha 2, wa upande ule anashika cha 4, na mhariri anamsahihisha mmoja tu. Hapo ndipo mizani zinapokuwa mbili. Vilevile mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba Wizara ya Afya ilikosea kuondoa miongozo yake ya 2012 ya kupunguza vifo vya uavyaji usio salama. Haikutunga sheria mpya. Kichwa kinachosema "Mahakama yahalalisha uavyaji" hakiokolewi na ufafanuzi uliofichwa aya ya 9.

Mkunga: Usawa wa nini, lakini? Mimba iliyotunga kwenye mrija wa uzazi ikiupasua, damu inamwagika tumboni na mama anaweza kufa. Hilo halihitaji mpinzani studioni. Lini uhai wa tumboni ulindwe kuliko uamuzi wa mama, hapo ndipo pa kugawa nafasi sawa. Watangazaji wanauliza yote mawili kwa pumzi moja, basi daktari anaishia kujibu maadili, mchungaji anajibu tiba.

Kalamu Nyekundu: Kweli, dada Mkunga, na hesabu yangu inabadilika. Kauli za tiba ziwe na safu zake, za maadili zake. Anayesema uongo wa kitabibu astahili "alidai", awe kambi yoyote.

Wakili wa Mwambao: Na mkilalamika, mjue mnamlalamikia nani. Ibara ya 34(4) inavibana vyombo vya serikali pekee: visiegemee, vitoe nafasi kwa maoni tofauti. Redio ya kanisa haimo humo; yenyewe utaishika kwa kanuni za maadili ya uandishi, hasa usahihi. Malalamiko kwa Baraza la Vyombo vya Habari yataje tarehe, saa ya matangazo, sentensi yenyewe neno kwa neno, na kanuni iliyovunjwa. Barua inayosema "mnapendelea" tu haimpi mtu cha kuchunguza.