Tomato sosi kwenye OpenFOAM: nabadilisha k na n, presha haisogei

NyanyaIlula

Wakuu, habari za kazi. Nimekwama siku ya nne. Hapa Ilula kuna kikundi cha akina mama wanaosindika nyanya, wanataka pampu ya kusukuma sosi kutoka sufuria la kupikia hadi kwenye mashine ya kujazia chupa. Bomba ni la milimita 50, urefu mita 3, wastani wa kasi mita 0.1 kwa sekunde. Wameniomba niwaambie presha, na hela waliyo nayo ni ya pampu moja tu. Sitaki kubahatisha.

Natumia simpleFoam, kikokotozi kimojawapo cha OpenFOAM (programu ya kusimulisha mtiririko wa vimiminika). Faili la transportProperties niliazima kwa rafiki aliyekuwa anasimulisha mafuta ya mashine, nikaweka powerLaw (kanuni ya mnato, yaani ugumu wa kutiririka, unaobadilika na mwendo; k na n ni namba zake, nuMin na nuMax ni mipaka ya chini na ya juu ya mnato) na namba za sosi ya nyuzi 25 zilizo kwenye vitabu vya uhandisi wa chakula:

nuMin 1e-6, nuMax 1e-3, k 18.7, n 0.27;

Inakimbia vizuri, presha ya kuingilia inatoka 3.9. Nikiweka n 0.6, ni 3.9. Nikiweka k nusu yake, ni 3.9 ileile! Fomula kwa mkono inanipa kama paskali 10,900. Tena kasi ya katikati ya bomba ni 0.2 na mchoro wake umejipinda kama upinde. Hapo ndipo moyo unapokataa kabisa, kwa sababu juzi tulisukuma sosi kwa mkono kwenye kipande cha bomba. Nilichora mstari kwa kijiti pale mdomoni, sosi ikazidi kutoka kama gogo na mstari umenyooka vilevile, ukapinda pembezoni tu.

Meshi_Mbeya

Kaka, tazama nuMax. powerLaw huchukua kasi ya mkato (jinsi tabaka moja la sosi linavyoteleza juu ya jirani yake), huipandisha kwa kipeo n toa 1, huzidisha kwa k, kisha hulibana jibu lisizidi nuMax. Kwenye ukuta wa bomba lako kasi ya mkato ni kama 27 kwa sekunde. Kwa namba zako mnato hapo unatoka 1.7, na ukutani ndiko sosi ilipo nyepesi kuliko kote. Dari lako ni 0.001. Kila seli (vijipande ambavyo kompyuta imeligawa bomba) imegonga dari, kwa hiyo umesimulisha kimiminika cha mnato mmoja, ndiyo maana katikati ni mara mbili ya wastani. Fungua nu (mnato) kwenye ParaView, programu ya kuchora matokeo, uone: rangi moja bomba zima.

Densiti1100

Na k nayo ina shida, mkuu. simpleFoam haijui densiti. p (presha) unayoisoma ni presha iliyokwisha kugawanywa kwa densiti, na mnato vivyo hivyo. Hiyo 18.7 ni ya paskali, igawe kwa 1,100 upate 0.017. Ukiinua dari peke yake, ukaja kuzidisha p kwa 1,100 mwishoni, utapata paskali milioni 12.

NyanyaIlula

Ahsanteni sana. Kweli nu ilikuwa rangi moja, bluu tupu. Nimeweka k 0.017 na nuMax 1. Mwanzoni ilitikisika, nikashusha relaksesheni ya U (kiasi ambacho kasi inaruhusiwa kubadilika kila mzunguko wa hesabu) hadi 0.5 ikatulia. p ni 9.9, mara 1,100 ni zile 10,900 za mkono. Kasi ya katikati ni 0.142, na (3n+1)/(n+1) mara wastani inasema hivyohivyo. Mchoro sasa ni bapa. Nimejaribu na nuMax 0.1, matokeo karibu yaleyale, nadhani dari haligusi tena.

Meshi_Mbeya

Usinunue pampu bado! Hizo k na n zilipimwa pamoja na namba ya tatu, msongo wa kuanzia (nguvu ya chini inayohitajika kabla sosi haijaanza kutiririka), paskali 32. Ukiitupa, mbili zilizobaki hazielezi tena sosi ileile. Gogo uliloliona ndiyo hiyo 32: katikati msongo haujaifikia, sosi haikatiki. Tumia HerschelBulkley, kanuni yenye k, n na huo msongo wa kuanzia (tau0); tau0 igawe kwa densiti pia, iwe 0.029. Pale nu0 ndiyo inayofanya kazi ya dari. Kwa hesabu yangu ya mkono presha inafika kama 19,700, karibu maradufu. Halafu, mnajaza sosi ya moto au iliyopoa?

NyanyaIlula

Ya moto, ila nitahesabu ya baridi. Umeme ukikatika sosi inapoa ndani ya bomba, na pampu lazima iweze kuiondoa ilipolala. Kuisogeza tu kutoka kusimama ni 4 mara urefu mara 32, gawa kwa kipenyo: paskali 7,680. HerschelBulkley inakimbia sasa hivi.

Ila hiyo 32 ni ya sosi ya kitabuni, wala si yao. Kesho nafunga lile bomba la mita 3 chini ya pipa, limelala sawasawa, nimimine sosi yao iliyopoa kidogokidogo. Kama 32 ni kweli kwao, itaanza kusogea ikifika kama sentimita 71 juu ya bomba. Nitaleta kipimo hapa.