Betri ya friji: siku nne Ziwa Natron

Wakuu, naandaa Land Cruiser 78 ya kulala porini, watu wawili. Friji ni la lita 40, volti 12. Betri ya pili ya asidi, 100Ah (ampia-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba), inatosha?

Jibu 1: Haitoshi, mkuu. Kwa joto lile friji hula kama 35Ah kwa siku, na betri ya asidi haishushwi chini ya nusu. Siku ya pili imekwisha. Weka lithiamu (LiFePO4) ya 100Ah na sola ya wati 200, uifute vumbi kila asubuhi. Betri hiyo usiiunge moja kwa moja na alteneta (jenereta ya injini inayochaji betri): lithiamu huvuta ampia nyingi mno, alteneta ikaungua. Pitishia kwenye chaja ya DC-DC (kifaa kinachodhibiti umeme wa alteneta kabla haujafika kwenye betri) ya ampia 30.

Jibu 2: Friji likizima huku betri imejaa, mchawi ni ule waya mwembamba wa soketi ya kiberiti cha sigara kwenye dashibodi; volti zinapotea njiani. Vuta waya wa milimita 6 za mraba, fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na friji.

Jibu 3: Na maji? Lita 5 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika tu. Madumu mawili ya lita 20, yafungwe sakafuni. Yakiwa juu ya keria gari linayumba.