Wakuu, ahadi niliyompa marehemu mzee bado inanifunga?

Msomaji wa Usiku: Heshima kwenu wakuu. Nasoma falsafa ya Kibudha, hasa fundisho kwamba kila kitu huzuka kwa sababu ya vingine, na sababu zikiisha nacho hutoweka. Mwili, hisia, fikra, hakuna kinachodumu. Sasa mimi niliyeahidi jambo 2014 bado nipo? Usingizi sina. Naombeni ushauri.

Mama Shufaa: Pole mwanangu. Ahadi ni deni. Funga vitabu, uombe dua.

Mwana Buza: Uliahidi nini mkuu?

Msomaji wa Usiku: Nauliza kifalsafa tu.

Mwana Buza: Falsafa tu haimnyimi mtu usingizi. Funguka.

Msomaji wa Usiku: Sawa. Mzee alinitaka nisiuze nyumba ya Magomeni mama akiwa hai. Nimeshapokea arbuni. Lakini nielewe, aliyeahidi hakuwa na watoto wala biashara inayokufa. Yaliyoizaa ile ahadi hayapo tena.

Mwanafunzi wa Mlimani: Umeishia katikati. Katika maandiko ya Kibudha ya Kipali, lugha ya kale ya India, mfalme Milinda alimbana mtawa Nagasena kwa hoja kama hiyo. Nagasena akamuuliza: mwizi wa maembe akidai aliyochuma si yale yaliyopandwa, utamwachia? Mfalme akakataa, maana haya yametokana na yale. Ubudha unakana nafsi isiyobadilika, haukani mfululizo wa sababu na matokeo. Wewe wa leo umetokana na yule wa 2014, na alichokianzisha kinakufuata. Tena Budha alifundisha kuwa hata ukiwabeba mama na baba mabegani miaka 100, hujawalipa. Hilo hukulisoma?

Fundi Salehe: Mimi nilinunua kiwanja Chanika, mwenye nacho kanichangamkia kweli, baadaye wakaibuka ndugu zake. Hadi leo tunasumbuana. Wewe ndiye msimamizi wa mirathi?

Dada wa Sinza: Jamani, hii chai. Si ndiye aliyeomba dua hapa, baba yake anaumwa Tanga?

Msomaji wa Usiku: Huyo ni baba mdogo. Ndiye msimamizi pia.

Dada wa Sinza: Anajua kuhusu arbuni?

Msomaji wa Usiku: Hapana. Na mama nitamwambia nikishampatia pa kukaa.

Mama Shufaa: Ya Rabi! Rudisha hela ya watu.

Msomaji wa Usiku: Nusu nimeshanunulia mzigo wa duka.

Mwanafunzi wa Mlimani: Basi mpigie mnunuzi leo, mkubaliane utakavyomrudishia. Kisha nenda Tanga.