Hesabu ya Gredi ya 3: jedwali kwanza au soko kwanza?

Mzazi, Donholm
Walimu na wazazi wenzangu, hebu tujadili. Tangu mtaala wa umilisi uanze rasmi 2019, watoto wa gredi za chini wanafundishwa kutumia hesabu maishani: duka la darasani, kupima maji kwa chupa, sarafu za karatasi. Wangu yuko Gredi ya 3. Duka analiendesha vizuri, ila ukimuuliza saba mara nane anatazama dari. Sisi wa mfumo wa awali wa 8-4-4 tulikariri jedwali la kuzidisha mpaka tukaliota. Hayo maduka si mchezo tu?

Mwalimu, Kayole
Mzazi, saba mara nane atajua. Kinachonikosesha usingizi ni yule anayelijua jedwali lote, kisha unamwambia: nyanya ni shilingi 20 kwa fungu, mama kakutuma mafungu matatu na noti ya 100, urudi na ngapi? Anauliza, "Mwalimu, tunajumlisha ama tunatoa?" Kuamua hilo ndiyo hesabu yenyewe, na miaka yote tumekuwa tukimwamulia.

Mwenye kibanda, Umoja
Wangu huuza nami jioni, chenji hakosei hata siku moja. Shuleni Hisabati inamshinda. Nielezeni.

Mwanafunzi wa ualimu
Mama, hilo limechunguzwa. Mwaka 1985 Carraher, Carraher na Schliemann walichapisha utafiti wa watoto wachuuzi wa Recife, Brazil. Watoto wenyewe walikuwa watano tu, lakini tazama: wakiuza walipata asilimia 98, hesabu zizo hizo zikiandikwa kwa tarakimu tupu, asilimia 37. Mwaka 2025 utafiti mkubwa zaidi wa Kolkata na Delhi ukaonyesha hivyo hivyo, na kinyume chake pia: watoto wa shule wasiofanya biashara waliweza za daftari, za sokoni zikawatatiza. Kwa hiyo wanaosema soko linatosha wamtazame kijana wa mama hapa. Hakuna aliyemwonyesha kwamba chenji yake na ile "kutoa" ya kitabuni ni kitu kimoja.

Mzazi, South B
Soko la Nairobi ipi? Mimi nalipa kila kitu kwa M-Pesa, maziwa hadi matatu. Binti yangu chenji anaiona darasani, tena ya karatasi. Mpeni swali la kweli: nauli ni 50, mvua ikinyesha ni 100, una 400 za wiki nzima, kwenda na kurudi. Utatembea siku gani?

Mwalimu, Kayole
Hilo nimelichukua, Jumatatu naliuliza. Lakini swali lisilo na jibu moja linataka nimsikilize kila mtoto alivyofikiri, na kipindi ni dakika 30, dawati moja watoto wanne. Jedwali lina faida hiyo: nasahihisha darasa zima kabla kengele haijalia. (Wanaotunga mitaala wakae na darasa langu wiki moja.)

Mzazi, Donholm
Afadhali umelisema wewe, mwalimu. Na huyo wa mvua, kama mara kumi zinamshinda, atajuaje kwamba 400 haitoshi hata jua likiwaka wiki nzima?

Mzazi, South B
Atajua Ijumaa asubuhi, atakapokuwa kituoni bila nauli. Halafu mwambie kuna njia ya kulijua hilo Jumatatu, uone kama jedwali halishiki.